Kahawa na mvua: ladha inaamuliwa na mvua ilinyesha lini

Mwonjaji (mwanzisha uzi)

Wadau, habari za humu. Kwenye mifuko ya kahawa maalumu kuna sentensi moja haikosekani: "imelimwa ukanda wa mvua nyingi". Baada yake yanafuata maua, machungwa na asali, kana kwamba mvua ndiyo iliyoleta asali. Ukishika mfuko wa pili, nao wa ukanda wa mvua nyingi, unakuta udongo, tumbaku na mbao za mwerezi. Wote wanaisifu mvua ileile, na vikombe havijuani kabisa.

Hoja yangu ni hii: milimita za mvua kwa mwaka zinakwambia kidogo sana kuhusu ladha. Uliza mvua iliukuta mbuni, yaani mti wa kahawa, katika hatua gani, na ilikatika lini. Tena sehemu kubwa ya hiyo tunayoiita "ladha ya nchi ya mvua" haikutoka mtini. Ilitoka kwa watu waliokuwa wanahangaika kukausha kahawa chini ya wingu. Hili la mwisho najua litaleta ubishi, nitalifikia.

Kiasi tukimalize mapema. Arabika, jamii ya kahawa tunayoizungumzia zaidi hapa, hupenda takribani milimita 1,200 hadi 2,000 kwa mwaka. Chini ya hapo unamwagilia. Juu ya hapo inawezekana, ila magonjwa yanakuandama na virutubisho vya udongo vinachujwa na maji. Ndani ya kiwango hicho zimo kahawa za kila ladha unayoijua, kwa hiyo kiasi hakitufikishi popote.

Twende kwenye maua. Wanywaji wengi hushangaa wakisikia kwamba mbuni unahitaji ukame ili uchanue vizuri. Vitumba hujitengeneza kisha vinalala. Miezi miwili mitatu ya ukavu ndiyo inayoviandaa, halafu mvua ya kwanza ya maana huviamsha, na siku kama 8 hadi 12 baadaye shamba zima ni jeupe na harufu ya asmini imetanda. Mvua hiyo ikishuka mara moja kwa nguvu, maua yanafunguka pamoja, matunda yanaiva pamoja, na mchumaji anapita mara chache akikusanya mekundu matupu. Ikija kwa manyunyu ya kuonjesha, leo kidogo, kisha wiki tatu kimya, kisha kidogo tena, tawi moja linabeba vitumba, matunda ya kijani na matunda yaliyoiva kwa wakati mmoja. Hapo ama unapita shambani tena na tena, ama kijani kinaingia kwenye kikapu. Kijani ndicho kinacholeta ukakasi unaokausha ulimi na ile harufu ya majani mabichi. Ukiionja kahawa ya namna hiyo, kosa lake lilianza miezi mingi nyuma, kwenye manyunyu, kabla hata tunda halijakuwepo.

Kisha kuna ukuaji wa punje. Kuanzia kama wiki ya 6 hadi ya 17 baada ya maua, punje inapanuka kwa kasi na maji ndiyo yanayoisukuma. Ganda la ndani likishakakamaa, ukubwa umefungwa. Mvua ikikosekana kipindi hicho punje inabaki ndogo, hata gharika lije mwezi unaofuata. Baadaye punje inajazwa: sukari, mafuta, protini. Ukame ukiingia hapo, unapata punje nyepesi zilizosinyaa, na kwenye kikaango zinaungua wakati wenzao ndio kwanza wanaanza kubadilika rangi.

Nitaendelea na mawingu, halafu mavuno na kukausha, ambako ndiko kwenye utamu wa uzi huu.

Gunia Tupu

Nimevuta kiti, mkuu. Usituache njiani kama kawaida ya humu.

Kikaango Moto

Mkuu heshima kwako, lakini naona unaandaa kuipa mvua sifa ya mwinuko. Kahawa nzuri inatoka juu kwa sababu ya baridi. Tunda linaiva taratibu, punje inakuwa ngumu na nzito, uchachu unakuwa hai. Mimi nikikaanga naiona tofauti hiyo kwa macho: punje ya juu inahitaji moto mkali mwanzoni, ya chini ukiipa moto huo unaichoma ncha. Milima mingi ina mvua, ndiyo maana watu wanachanganya. Mvua ni abiria tu kwenye gari la mwinuko.

Mwonjaji

Kikaango Moto, kwenye baridi niko na wewe mia kwa mia. Joto ndilo linaloongoza kasi ya kuiva. Kila ukipanda mita 100 hewa inapoa kwa takribani nyuzijoto 0.6, na hiyo ndiyo kazi nzima ya mwinuko. Lakini mwinuko si njia pekee ya kupoza shamba. Wingu nalo linapoza.

Chukua Kona, kule Hawaii. Mashamba yake mengi yako chini ya mita 900, kimo ambacho Kenya au Ethiopia wasingekipigia hesabu kwa kahawa ya daraja la juu. Ila iko mbali na ikweta, karibu nyuzi 19 kaskazini, na mchana wa kiangazi mawingu hujikusanya kwenye miteremko ya volkano, jua linazibwa, mara nyingi mvua inashuka, na jioni kunapoa. Kikombe kinatoka laini na chepesi, hakina ule uzito butu wa kahawa za mabondeni. Boquete kule Panama kuna manyunyu membamba yanayosukumwa na upepo kuvuka milima, wenyeji wanayaita bajareque. Hayalowanishi sana udongo, lakini yanafunika majani kwa saa nyingi na kuzuia jua kali. Huko ndiko aina ya Geisha ilikowashangaza waonjaji kwenye mashindano ya mwaka 2004. Sisemi bajareque ndiyo iliyoileta ladha ile, aina yenyewe ina mchango mkubwa mno. Nasema tunda lilipata nafasi ya kukaa mtini muda mrefu.

Na kivuli kimepimwa kabisa. Utafiti uliofanyika Costa Rica na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba kivuli kilichelewesha kuiva kwa muda unaofikia mwezi mmoja, punje zikawa kubwa zaidi, na waonjaji wakakipendelea kikombe chake. Gharama yake ni kwamba mavuno yalipungua. Wingu linafanya kazi inayofanana na ya kivuli, ila wewe huna mamlaka ya kulipunguza matawi.

Kwa hiyo mvua kama maji ni habari moja, na mvua kama wingu ni habari nyingine. Mimi naona ya pili ndiyo inayogusa ladha ya moja kwa moja. Asili ya arabika ni misitu ya nyanda za juu za kusini magharibi mwa Ethiopia, chini ya miti mikubwa. Si mti wa kuota jua siku nzima.

Mama Vichanja

Nawasoma. Hayo ya wingu ni kweli, ila naona mmekaa sana mawinguni wakati maumivu yako chini. Mvua ikija matunda yameshaiva, hakuna cha ladha ya maua tena. Tunda linakunywa maji hadi ngozi inapasuka. Likishapasuka, utamu uko wazi, wadudu wadogo na kuvu wanaingia kabla hujafika na kikapu. Mengine yanadondoka, yanalala kwenye matope. Mwenye haraka anayaokota na kuyachanganya na mazuri, na hapo ameharibu kundi zima kwa debe moja.

Tena wachumaji hawaingii shambani kwenye mvua, na wakiingia hawachagui, wanakwangua tawi. Siku mbili tatu za mvua mfululizo kilele cha mavuno kikiwa kimefika zinatosha kushusha daraja la kahawa ya mwaka mzima. Mwonjaji, hiyo ndiyo hatua ya kuandika kwa wino mwekundu.

Mtoto wa Buni

Naomba kuuliza wakubwa zangu. Nimewahi kuambiwa kwamba mvua ya wakati wa kuiva "inaosha sukari" ndani ya kahawa ndiyo maana inakuwa haina ladha. Ni kweli?

Mwonjaji

Mama Vichanja, shikamoo yako popote ulipo, hapo umegonga penyewe.

Mtoto wa Buni, nusu ni kweli. Maji mengi yanapunguza makali ya sukari kwenye nyama ya tunda na kwenye ute unaoizunguka punje. Sukari ya punje yenyewe, ambayo kwa arabika ni sukrosi ya takribani asilimia 6 hadi 9 ya uzito mkavu, haichuruziki kirahisi hivyo. Kwa kahawa ya kuoshwa, ile inayomenywa na kuondolewa ute kabla ya kuanikwa, athari hiyo ni ndogo. Kwa kahawa inayokaushwa na tunda lake, au ile inayoanikwa na ute wake, athari ni kubwa zaidi, kwa sababu chachu na bakteria wanaofanya kazi juu ya punje wanapata chakula cha namna nyingine. Kinachokera ni kwamba ladha bapa ya kahawa ya namna hiyo mara nyingi imetokana na mambo aliyoyataja Mama Vichanja: matunda yaliyopasuka, yaliyodondoka, na ya kijani yaliyokwanguliwa.

Kuna ladha moja ya unyevu ambayo ina jina lake kabisa kwenye biashara, inaitwa Rio, kutokana na Rio de Janeiro. Inanukia dawa ya hospitali, aidini. Kemikali inayohusishwa nayo zaidi ni trikloroanisoli, ileile inayoharibu mvinyo wenye kizibo kibovu, nayo inatokana na kazi ya kuvu. Punje chache tu zinatosha kuchafua gunia. Cha ajabu kuna masoko yalishazoea ladha hiyo na kuitaka. Ulimi ukishafundishwa, umefundishwa.

Shaka Siku Zote

Naomba nichokonoe. Mwanzoni umesema "ladha ya nchi ya mvua" inatoka kwa watu, haitoki mtini. Mpaka sasa umetueleza mti tu: maua, punje, wingu. Hoja yenyewe iko wapi?

Mwonjaji

Iko hapa. Jiulize kwa nini duniani kuna kahawa ya kuoshwa na kahawa ya kukaushwa nzima. Wengi wanadhani ni mitindo, mkulima anaamka na kuchagua. Kihistoria hali ya hewa ndiyo iliyochagua.

Tunda zima linahitaji wiki tatu hadi nne za jua kukauka, wakati mwingine zaidi. Punje iliyomenywa, ikavundikwa (ikaachwa mpaka ute uchachuke na kulegea), ikaoshwa ute wake, inakauka kwa wiki moja hadi mbili hivi. Palipo na msimu mkavu wa uhakika wakati wa mavuno, unaanika tunda zima bila wasiwasi. Ndiyo hali ya Yemen, ambako maji yenyewe ni ya shida, ya Harar kule mashariki mwa Ethiopia, na ya Cerrado kule Minas Gerais, Brazil, ambako mavuno yanaangukia majira ya baridi yasiyo na mvua. Kahawa zao zimejulikana kwa utamu mzito, matunda yaliyokaushwa, chokoleti, uchachu mdogo.

Sasa nenda Kolombia, ambako sehemu nyingi kuna misimu miwili ya mvua na mavuno mawili kwa mwaka, hivyo karibu kila mwezi kuna mahali wanachuma na kuna mahali kunanyesha. Kuanika tunda zima hapo ilikuwa kujitafutia kuvu. Maji yapo tele, basi wakaosha. Kahawa iliyooshwa inabaki na glukosi na fruktosi kidogo kuliko iliyokaushwa na tunda, na ladha za uchachuaji wa nyama ya tunda zinapungua, kwa hiyo uchachu wa asili unasikika wazi. Ule "usafi" na "mng'ao" tunaousifu kwenye kahawa za Kolombia, Kenya na Amerika ya Kati una mkono wa mvua ndani yake, lakini kwa njia ya kuzunguka: mvua ilizuia tunda zima lisikaushwe, ikaleta maji ya kuoshea, na mng'ao ukafuata. Mvua imechagua njia, njia imechagua ladha.

Shaka Siku Zote

Hapo umenikamata kidogo. Lakini mbona Sumatra, kule Indonesia, kuna mvua nyingi mno na kahawa yake haina mng'ao wowote? Kwa hesabu yako walipaswa kuosha, tupate machungwa.

Mwonjaji

Swali zuri, na ndiyo sababu Sumatra ndiyo shahidi wangu mkubwa.

Wale walikuwa na mvua nyingi kiasi kwamba hata wiki moja au mbili za jua mfululizo ni anasa. Wakulima wadogo wanamenya tunda, wanavundika usiku kucha, wanaosha, wanaanika kwa muda mfupi sana, kisha wanauza kahawa ikiwa bado imelowa. Mnunuzi anaikoboa ganda la ndani punje ikiwa na unyevu wa asilimia 30 hadi 35 hivi, wakati kwingineko unakoboa ikishafika 10 hadi 12. Njia hiyo inaitwa giling basah. Punje bila ganda inakauka haraka zaidi, ndiyo sababu wanafanya hivyo. Lakini wakati huo ni laini kama karanga iliyochemshwa, inapondeka kwenye kingo, inapasuka ncha, na inamalizia kukauka ikiwa uchi mbele ya hewa yenye unyevu na kila kiumbe kilichomo. Inatoka na rangi ya kijani inayoelekea bluu ambayo ukishaiona huisahau. Kikombeni uchachu umeshuka, uzito mdomoni umepanda, na zinakuja zile mitishamba, mwerezi, udongo uliolowa.

Watu wanasema hiyo ni ladha ya udongo wa Sumatra. Mbona kahawa ya kisiwa hichohicho ikioshwa na kukaushwa na ganda lake mpaka mwisho inatoka safi na yenye uchachu zaidi? Udongo haujabadilika, mvua haijabadilika. Kilichobadilika ni siku ambayo ganda lilitolewa.

Kikaango Moto

Kwa lugha nyingine ni kasoro iliyopata soko. Mimi huwa nasema wazi, punje zilizopondeka na harufu ya kuvu hafifu zikitoka nchi nyingine zinakatwa alama, zikitoka Sumatra zinaitwa tabia. Na kwenye kikaango zinanisumbua: rangi haisomeki, zinaonekana bado kumbe zimekwisha.

Mama Vichanja

Mwanangu Kikaango, usiwe mkali. Anayeikoboa mbichi hakufanya kwa uzembe, amefanya kwa sababu kesho kunanyesha tena. Na kuna iliyofanywa vizuri na kuna iliyofanywa ovyo, kama kila kitu. Iliyofanywa vizuri haina kuvu, ina ule uzito na mitishamba tu. Kasoro ni ile ambayo mnunuzi hakuambiwa.

Gunia Tupu

Na ile ya India ambayo wanailowesha makusudi je? Malabar. Nayo ni kasoro iliyopata soko?

Mwonjaji

Hiyo ni ya aina yake. Zamani kahawa ya India ilisafiri Ulaya kwa meli za matanga kwa miezi mingi, ikila unyevu wa bahari njia nzima. Inafika imevimba, imepauka, uchachu umekwisha, na wanywaji wakaizoea hivyo. Meli za mvuke na Mfereji wa Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, zilipofupisha safari, kahawa ikafika ya kijani na kali, na wanywaji wakalalamika. Basi pwani ya Malabar wakaanza kuifanya nchi kavu: kahawa ambayo tayari imekauka inatandazwa kwenye maghala yaliyo wazi pembeni kuanzia Juni hadi Septemba, pepo za monsuni zinapita juu yake, inageuzwageuzwa, inavimba na kugeuka rangi ya dhahabu iliyopauka. Kikombe kinakuwa mpole, kizito, chenye nafaka na viungo, uchachu karibu haupo.

Hapo hata mti haukuhusika. Mti ulimaliza kazi yake, tunda likachumwa, punje ikakauka, kisha msimu wa mvua ukaja kuandika ladha upya ghalani. Kama kuna anayetaka ushahidi kwamba unyevu baada ya mavuno unaweza kuizidi nguvu hali ya hewa ya shambani, ni huo.

Mtoto wa Buni

Sawa wakubwa, sasa mimi mnywaji wa kawaida, nikiwa na mfuko mkononi na kikombe mezani, nitajuaje mvua ilifanya nini?

Kikaango Moto

Mimi nikusaidie kwa macho, Mwonjaji akusaidie kwa ulimi. Mwaga punje zilizokaangwa kwenye sahani nyeupe. Ukiona punje moja moja zilizopauka, rangi ya karanga katikati ya wenzake wa kahawia, hizo nyingi ni za matunda mabichi. Hazikukomaa, hazina sukari ya kutosha kubadilika rangi. Zikiwa nyingi ujue uvunaji ulikuwa wa kukwangua, na mara nyingi nyuma yake kuna maua yaliyochanua kwa awamu. Tafuna moja uone: makaratasi na ukakasi.

Ukipata kahawa mbichi mkononi, angalia usawa wa rangi. Punje yenye mabaka meupe, au iliyopauka kingo, mara nyingi ilikauka ikalowa ikakauka tena. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Mwezi wa kwanza inaonjeka vizuri, unaisifu, unaweka oda, halafu baada ya miezi michache inakuwa mbao na gunia.

Mwonjaji

Kwa ulimi: iache ipoe. Kahawa ya moto inaficha mengi. Ikiwa vuguvugu, uchachu mzuri unabaki na utamu, unakujazia mate. Ukakasi wa kijani unakausha pande za ulimi, na utamu hauji. Harufu ya udongo uliolowa kwenye kahawa ya kuoshwa ambayo si ya giling basah, hiyo ni alama ya kukausha kwa shida. Na ukisikia siki au kitunguu, uvundikaji ulipitiliza, ingawa hapo mvua mara nyingi inasingiziwa. Siku za mvua huwa na baridi, na kwenye baridi kuvundika kunachukua muda mrefu zaidi. Anayefuata saa badala ya kushika punje na kusikia kama ute umeachia, anakosea kotekote: baridi anaosha mapema, joto anachelewa.

Kwenye mfuko usihangaike na milimita. Tafuta njia ya uandaaji na mwezi wa mavuno. Mwezi wa mavuno ukiulinganisha na msimu wa mvua wa mahali hapo utajua mkulima alikuwa anacheza na jua au na wingu.

Mama Vichanja

Nyongeza kuhusu kukausha maana ndiko ninakokujua. Vichanja vilivyoinuliwa vinasaidia kwa sababu hewa inapita juu na chini. Mvua ikinusa unafunika, ikipita unafunua, hapohapo, maana plastiki ikikaa juu ya kahawa yenye joto inatoa jasho na jasho linarudi kwenye punje. Tabaka liwe jembamba siku za mwanzo. Wenye uwezo wanaweka paa la plastiki linalopitisha jua, na pembeni pawe wazi. Mashine ya kukaushia nayo ni msaada, ila wengi wanaiharakisha. Punje yenyewe ikipita nyuzi 40 umeiua, na kahawa iliyokufa inazeeka upesi. Wenye vipimo wanasimama unyevu ukifika asilimia 10 hadi 12. Na ukishafikia hapo, usiiweke kwenye gunia la katani peke yake ndani ya ghala lenye unyevu, inarudi kunywa.

Shaka Siku Zote

Mmesahau magonjwa. Mvua haichagui njia ya uandaaji tu, inachagua hata aina ya mbuni, na aina ndiyo ladha. Chule buni, ugonjwa wa kuvu unaoshambulia matunda ya kahawa, ilitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, na inapenda penye baridi na mvua, yaani hapohapo mnapopasifia kwa wingu na kuiva taratibu. SL28, aina ambayo waonjaji wanaililia kwa uchachu wake wa zabibu, inavumilia ukame lakini chule buni inaimaliza. Ndiyo maana wakaja na Ruiru 11 mwaka 1985, kisha Batian mwaka 2010, zinazoweza kuhimili ugonjwa. Kolombia nao mvua za ziada za miaka ya La Niña (bahari ya Pasifiki inapopoa kuliko kawaida) ziliambatana na kutu ya majani, ugonjwa mwingine wa kuvu, na maua kuvurugika, na uzalishaji ukashuka kutoka zaidi ya magunia milioni 12 mwaka 2007 hadi chini ya milioni 8 mwaka 2009. Baada ya pigo kama hilo wakulima wengi wanapanda aina zinazohimili kutu. Kwa hiyo mvua ya mwaka mmoja inaweza kubadilisha ladha ya ukanda kwa miaka ishirini inayofuata, kwa kuwa mbuni ukishapandwa haung'olewi kesho.

Mwonjaji

Nimekubali, na hiyo inaingia moja kwa moja kwenye hoja. Ila kuhusu Ruiru 11 wengi wanaisema vibaya wakiwa hawajawahi kuionja peke yake, iliyochumwa nyekundu na kukaushwa vizuri. Nayo inafaa uzi wake.

Gunia Tupu

Robusta, ile jamii nyingine ya kahawa, je? Au haina hadhi ya kukaa kwenye uzi huu?

Mama Vichanja

Ina hadhi, na kwake mvua ya maua ni kali zaidi. Arabika inajichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Robusta haiwezi, inahitaji chavua ya mti mwingine, iletwe na upepo au nyuki. Mvua kubwa ikipiga siku ile maua yamefunguka, chavua inalowa na kuanguka, nyuki hawatoki, na umepoteza matunda. Kwa hiyo inataka mvua kabla ya maua, ukavu siku za maua, kisha mvua tena baada ya wiki chache ili vitunda vishike. India wenye robusta hawaisubiri mbingu: kati ya Februari na Machi wanafungua vinyunyizio juu ya mibuni ili ichanue kwa pamoja, halafu wananyunyizia tena. Arabika ingefanyiwa hivyo nayo ingeiva kwa usawa, ila unahitaji bwawa, pampu na mafuta.

Mtoto wa Buni

Kumbe hata mvua inaweza kutengenezwa. Basi ile kahawa ya mfuko inayosema "mvua nyingi", mimi nitaanza kumwuliza muuzaji: ilinyesha kabla ya maua au wakati wa kuanika?

Kikaango Moto

Muulize, halafu utuletee jibu lake humu. Mimi natamani kuona sura yake.